Kaza sikiliza

Katika zoezi moja la tafsiri tulipewa kurasa mbili za Kifaransa: mume na mke wanavuka Atlantiki kwa mashua ya tanga yenye urefu wa mita 10, kutoka visiwa vya Canaries hadi Antilles. Niliandika kwamba saa sita usiku mke "alichukua robo yake", na mume akamwambia "kaza sikiliza". Nikapata 8 juu ya 20, na nadhani nilihurumiwa.

"Quart" ya baharini si robo, ni zamu. "Écoute" nayo haihusu masikio: ni kamba inayoshika pembe ya chini ya tanga, na mabaharia wa pwani huiita demani. Maneno yote mawili yamo katika kamusi za Kiswahili. Sikuyatafuta, maana nilikwisha kuamini kwamba lugha ninayoizungumza huku bara haina la kusema juu ya bahari.

Wenzangu walicheka, kisha wakasema maandishi yenyewe ni matembezi ya matajiri, yatatufaa nini? Tajiri labda, lakini someni tena. Njia ni kama kilomita 5,000, majuma matatu hivi. Mmoja akilala, mwenzake yuko macho, saa tatu kwa saa tatu. Watu waliooana wanakutana wakati wa kupokezana zamu tu. Maji ya kunywa yanapimwa, vyombo vinaoshwa kwa maji ya chumvi. Jiko limetundikwa ili liyumbe pamoja na mawimbi, na bado sufuria hufungwa. Kila asubuhi kamba zote zinakaguliwa, kwa sababu kamba inayosuguana mahali pamoja usiku na mchana hukatika. Hiyo ni kazi ya nyumbani, ila nyumba haitulii.

Asubuhi pia wanaokota sitahani samaki waliorukia humo usiku. Mimi niliandika "samaki wanaoruka". Pwani huwaita panzi, jina lile lile la mdudu wetu wa kukaanga, na hao nao huishia kwenye kikaango.

Mwenzangu mmoja anashauri tuandike "ekuti" yaishe. Sipingi kukopa. Kwa tanga dogo la mbele, ambalo Wafaransa huliita "foc", sikuona neno lililonitosheleza. Nimeandika "tanga la mbele". "Alizés" sikuthubutu kuziita kaskazi, ingawa nazo hutoka kaskazini-mashariki, kwa kuwa kaskazi ina majira yake katika bahari nyingine. Ninachopinga ni kukopa kabla ya kufungua kabati letu. Mwingereza Robin Knox-Johnston, aliyezunguka dunia peke yake bila kutia nanga bandarini kwa siku 312, akafika Falmouth Aprili 1969, alilazimika kupiga mbizi katikati ya bahari kuziba nyufa za mashua yake. Kifaransa husema "calfater". Kiswahili husema kukalafati. Masikio yenyewe yanasikia kwamba hayo ni maneno ya ukoo mmoja, na letu halikupitia Paris.

Katika kozi zetu za msamiati tunasoma maneno ya migodi, ya reli na ya kanisa, na ni haki. Ya chombo cha tanga sikufundishwa hata moja. Naomba saa mbili tu za mwaka ujao, na kamusi moja ya zamani mezani. Zoezi langu nimelirudia. Mke sasa anashika zamu, na mume anamwambia akaze demani.