UCHAMBUZI: Dhamana ya gari jipya isigeuzwe kitanzi cha mnunuzi

WAKENYA wengi wanaomiliki magari hawajawahi kushika dhamana ya mtengenezaji mikononi mwao. Gari lililotembea katika barabara za Japan kwa miaka sita au saba, likateremshwa Mombasa kabla ya kupita ukomo wa miaka minane unaosimamiwa na Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS), kwa kawaida huwa limekwisha kupoteza ahadi zote alizopewa mnunuzi wa kwanza. Mwenye gari la aina hiyo humwita fundi amtakaye, na likiharibika ni shauri yake.

Hali ni tofauti kwa wanaonunua magari mapya, na hao si matajiri pekee. Wamo wenye matatu, vyama vya ushirika, shule, na wafanyabiashara wa mboga wanaochukua pikapu kwa mkopo wa benki. Hukabidhiwa kijitabu kinachoahidi kwamba hitilafu ya kiwandani itarekebishwa bila malipo kwa muda fulani, mathalani miaka mitatu au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Mara nyingi kijitabu hicho huandamana na onyo la mdomo: gari likiguswa na fundi wa nje, dhamana imekufa.

Onyo hilo ndilo linalostahili kupimwa, kwa sababu gharama yake si ndogo. Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Karatina anayepeleka kabeji katika soko la Marikiti jijini Nairobi mara nne kwa wiki. Safari ya kwenda na kurudi ni kama kilomita 250, kwa hivyo gari lake hutembea kilomita 1,000 kila wiki. Ikiwa kijitabu kinataka oili ibadilishwe kila baada ya kilomita 5,000, atalazimika kufanya hivyo kila wiki ya tano. Kilomita zake 100,000 zitakwisha katika wiki 100, yaani miaka mitatu aliyoahidiwa haifiki hata miwili. Katika kipindi hicho atahitaji huduma mara 20. Kila mara anayopanga foleni katika karakana ya wakala, hupoteza siku ya soko. Bei ya oili huenda ikawa ndogo ikilinganishwa na kabeji zinazonyauka.

Tatizo linaanzia katika kuchanganya mambo mawili. Dhamana ni ahadi ya mtengenezaji kuhusu kazi yake mwenyewe: kwamba chuma kilichotumika hakina ufa, na kwamba kilifungwa inavyopasa. Huduma ya kawaida, yaani kubadilisha oili, machujio, plagi, pedi za breki, betri na taa, ni wajibu wa mwenye gari na ndiye anayeilipia. Ni haki ya mtengenezaji kudai kwamba huduma hiyo ifanywe kwa wakati na kwa vifaa vinavyofaa. Kudai kwamba mikono itakayoifanya iwe yake pekee, tena kwa bei aliyoipanga yeye, ni jambo jingine kabisa.

Mataifa kadhaa yamekwisha kulikata shauri hili. Marekani ilipitisha sheria ya Magnuson-Moss mwaka 1975, ambayo inamkataza mtoa dhamana kumfunga mnunuzi kwenye vipuri au huduma ya kampuni iliyotajwa kwa jina, isipokuwa vitu hivyo vitolewe bure au tume ya biashara ya nchi hiyo iwe imetoa idhini maalumu. Kampuni ikitaka kukataa dai, ni lazima ionyeshe kwamba kipuri au kazi ya fundi wa nje ndiyo iliyoleta hasara. Sheria hiyo haikubaki karatasini. Mnamo 2015 tume hiyo ilifikia maafikiano na BMW kuhusu dhamana ya magari yake ya MINI, na mwaka 2022 ikaikabili kampuni ya pikipiki ya Harley-Davidson kwa kosa la aina hiyohiyo.

Barani Ulaya, kanuni za ushindani za mwaka 2002, na zile zilizozirithi mwaka 2010, ziliwafungulia mlango mafundi huru. Afrika Kusini nayo ilianza kutumia mwongozo wa Tume ya Ushindani mnamo Julai 1, 2021, unaomruhusu mwenye gari lililo chini ya dhamana kulipeleka kwa fundi amtakaye. Hata hivyo, mwongozo huo hauondoi wajibu wa mwenye gari. Fundi huyo akiharibu kitu, mtengenezaji halazimiki kukilipia.

Kenya haina kifungu kinachosema hivyo kwa uwazi kama wa Marekani. Lakini haina maana kwamba mnunuzi yuko uchi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, habari zinazohitajika ili afaidi alichonunua, na fidia anapopata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inachukulia kuwa kila muuzaji ametoa hakikisho la ubora hata kama hakuliandika. Sheria ya Ushindani ya 2010 nayo inahesabu kuwa matumizi mabaya ya nguvu za soko pale kampuni yenye ukiritimba inapomlazimisha mteja kukubali masharti ya ziada yasiyohusiana na kiini cha mkataba. Iwapo kubadilisha oili kwa wakala pekee ni sharti la aina hiyo, ni swali ambalo Mamlaka ya Ushindani ingefaa kulijibu kwa mwongozo wa wazi, kama wenzao wa Pretoria walivyofanya.

Mawakala nao wana hoja yao, na si haki kuipuuza. Soko la vipuri nchini limejaa bidhaa ghushi kiasi kwamba Serikali ililazimika kuunda shirika zima la kupambana nazo kupitia sheria ya mwaka 2008. Chujio la oili la bandia hufanana na halisi hadi kwenye kasha, lakini karatasi iliyomo ndani yake ikipasuka, uchafu huingia kwenye injini. Mtengenezaji hawezi kutarajiwa kulipia injini iliyouawa hivyo.

Kwa sababu hiyo, mwenye gari anayetaka kujihudumia bila kuhatarisha dhamana hana budi kufanya kazi ya karani sawa na ya fundi. Oili iwe ya uzito na daraja lililotajwa katika kijitabu, si ile aliyonayo muuza duka jirani. Risiti ionyeshe jina la duka, tarehe na aina ya bidhaa. Picha ya mita ya kilomita ichukuliwe siku ya kazi, na kasha la chujio lihifadhiwe. Tarehe ni muhimu kupita vyote. Gari lililocheleweshwa kwa kilomita 3,000 humpa wakala sababu ambayo hata mahakama ya Marekani huenda ikaikubali.

Kuna sehemu ambazo hata mtu hodari afadhali aziache kwa wakala hadi muda wa dhamana upite: gia za otomatiki, nozeli za dizeli, mifuko ya hewa ya usalama, na nyaya za umeme mkali katika magari ya haiburidi. Hitilafu yenyewe iliyo chini ya dhamana pia si ya kurekebishiwa Grogan kisha bili ikapelekwa kwa wakala. Ahadi ya kurekebisha bure hutimizwa na aliyeitoa.

Sehemu inayowaponza Wakenya wengi, lakini, si oili bali nyaya. Ving'ora, redio kubwa na mitambo ya kufuatilia gari kwa setilaiti huunganishwa na mafundi wanaokata waya popote panapofikika. Wenye matatu wana mzigo wa ziada. Tangu kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zianze kutekelezwa Februari 2004, magari ya abiria yanatakiwa kuwa na vidhibiti mwendo. Mwenye matatu mpya anafuata sheria ya nchi, halafu anaweza kuambiwa kwamba waya uliokatwa ili kuitii sheria hiyo ndio uliomnyima dhamana. Mnunuzi mwerevu huomba kifaa hicho kifungwe na wakala mwenyewe kabla ya kuchukua ufunguo, au apewe barua ya kukubali kufungwa kwake.

Mafuta nayo ni mtego. Dizeli iliyochanganywa na mafuta taa ilienea hadi Serikali ikatoza ushuru maalumu wa Sh18 kwa lita ya mafuta taa mwaka 2018 ili kuzima tamaa hiyo. Uharibifu unaotokana na mafuta machafu si kasoro ya kiwandani, na mwenye gari asiyeweka risiti za kituo anachotumia hana pa kumshika aliyemuuzia.

Dai likikataliwa, hatua ya kwanza ni kuomba sababu kwa maandishi: ni sehemu gani iliyoharibika, na kazi ya fundi wa nje iliiharibu vipi. Pedi za breki zilizobadilishwa Karatina haziwezi kupasua rejeta. Wakala asipojibu, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani Aprili 2021, husikiliza kesi zisizozidi Sh1 milioni, inatakiwa kuamua katika siku 60, na mlalamishi anaweza kujisimamia bila wakili. Injini nzima ya pikapu mpya huenda ikapita kiwango hicho. Rejeta, pampu ya maji au jenereta ya kuchajia betri haviwezi, na mfanyabiashara mwenye risiti zake 20 katika bahasha moja anaweza kuingia humo bila woga.