Malori ya Tunduma na Daftari la Kijana Wangu

Mwezi uliopita niliitwa shuleni kwa ajili ya kijana wangu wa miaka 14. Mwalimu alinikabidhi daftari la hesabu bila kusema neno. Kurasa za mbele zilikuwa na kalamu nyekundu tele. Kurasa za nyuma zilijaa malori: vichwa virefu, taa kumi na mbili juu ya paa, miali ya moto ubavuni, na juu ya kioo maneno aliyoyatunga mwenyewe. Katika mtihani wa hesabu alipata alama 31 kwa mia.

Nilirudi nyumbani na hasira zangu, nikalifungia daftari hilo kabatini, nikamwambia kijana kwamba kuchora magari hakulishi mtu. Usiku mama yake aliniuliza swali nililoshindwa kulijibu: "Baba, wewe umewahi kuyatazama hayo malori anayoyachora?" Sisi tunakaa Vwawa. Malori hayo hupita karibu na mlango wetu mchana na usiku, nami kila siku hungoja yapite ili nivuke barabara.

Basi Jumamosi iliyofuata nilimchukua kijana pamoja na mdogo wake wa kike, tukapanda basi dogo hadi Tunduma.

Yako mataifa ambako watu hulipa kiingilio ili kuyaona magari yaliyorembwa. Huko California, Marekani, vijana walinunua Ford kuukuu kwa bei ndogo, wakang'oa madigadi ili kupunguza uzito, wakaiongezea injini nguvu, kisha wakaenda kushindana kwenye nyanda kavu za jangwani. Mwaka 1948 yalifanyika maonyesho ya magari hayo mjini Los Angeles, na mwaka huohuo likaanza kutoka gazeti lao, Hot Rod. Karibu nasi, jijini Nairobi, matatu zilipambwa kwa michoro hata Serikali ya Kenya ikaingilia kati mwaka 2004, ikaamuru mstari wa manjano uzungushwe kwenye kila moja. Hata hivyo michoro ilirudi barabarani baadaye. Binadamu akishakipenda chombo chake hukivalisha.

Sisi hatukulipa kiingilio. Foleni ya malori ilitulaki kabla hatujaufikia mji, moja nyuma ya jingine, yakingoja kuvuka kwenda Nakonde na mbele zaidi, hadi Kongo. Tangu tarehe 5 Oktoba 2019, marais wa Tanzania na Zambia walipozindua Kituo cha Huduma Pamoja Mpakani, ukaguzi wa nchi zote mbili hufanyika mahali pamoja, lakini malori nayo ni mengi. Tulitembea kwa miguu kandokando ya foleni. Binti yangu alisoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye mabampa: Mvumilivu Hula Mbivu, Riziki ni Mafungu Saba. Kijana hakusoma chochote. Alikuwa akitazama.

Alisimama mbele ya lori moja jekundu lenye vioo vilivyozungushiwa nikeli na honi tatu juu ya paa. Nyuma yake palikuwa na lori jeupe, safi lakini la kawaida, lenye jina moja tu la kiume mbele kwa herufi nyeusi. Kivulini mwa tela lake dereva wa makamo alikuwa akichemsha chai.

"Shikamoo mzee," kijana alisema.

"Marahaba, mwanangu. Lipi zuri kuliko yote hapa?"

Kijana alilionyesha lile jekundu. Dereva akacheka, akatukaribisha chai. Alipokwisha kumimina alisema kwamba hapo zamani naye alikuwa na lori kama hilo, lenye taa ishirini. "Nilipewa fedha za kutengeneza breki. Nikaona breki bado zinashika, nikanunua taa. Tukiushuka mlima Senjele na mzigo, zikapata moto, zikakataa. Mimi nilitoka na mguu huu unaouona. Utingo wangu alikuwa na miaka 19."

Hakuendelea, nasi hatukumwuliza zaidi.

Baada ya chai alimwita kijana chini ya tela, akamwonyesha mitungi ya upepo. Malori makubwa hushikwa breki kwa nguvu ya upepo, na ndani ya mitungi hiyo hujikusanya maji. Kijana alifungua kikoki, maji yakamwagika mchangani. "Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso," dereva alimwambia. "Na mlimani usitegemee breki peke yake. Ingia gia ndogo kabla hujaanza kushuka, si ukiwa katikati."

Kisha akachukua kijiti, akachora lori mchangani, akaligawa kwa miguu yake. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka mpaka wa kila ekseli. "Ekseli ya mbele tani 8. Mbili za nyuma ya kichwa, tani 18. Tatu za tela, tani 24. Jumla?"

"Hamsini," kijana alisema.

"Lori langu tupu, pamoja na tela, ni tani 18. Nipakie shaba kiasi gani?"

"Tani 32."

"Vizuri. Sasa nimepakia hizo 32, lakini wapakiaji wamezirundika zote nyuma. Pale mizani ya Mpemba nitapita?"

Kijana alinyamaza. Shaba ni nzito. Haijazi tela kama magunia ya mahindi, na mafungu machache tu hutosha kufikia uzito huo, hivyo mahali yanapowekwa ndipo penye hesabu. Alichutama, akaanza kuandika tarakimu mchangani kwa kidole. Alifuta, akaandika tena. Hatimaye alisema kwamba jumla ni halali lakini ekseli za tela zitazidi, kwa hiyo mafungu mengine yasogezwe mbele. Dereva alimpa mkono, kama mtu mzima anavyompa mwenzake.

Dada yake naye alikuwa na hesabu yake. Shuleni kwao waliwahi kupelekwa kukiona kimondo cha Mbozi, nao waliambiwa kwamba kina uzito wa tani 16 hivi. "Kumbe lori moja linabeba vimondo viwili!" alisema. Tangu siku hiyo ametangaza habari hiyo mtaa mzima.

Tulirudi Vwawa jioni. Sikumwuliza yule dereva jina lililo mbele ya lori lake ni la nani. Njiani, tulipoupanda Senjele kwa mawazo tu, kwa kuwa wenyewe uko mbele ya kwetu, kijana aliniuliza iwapo miaka 19 ni mikubwa. Nilimjibu kwamba ni miaka mitano tu kutoka alipo yeye.

Wazazi wenzangu, sisemi kwamba kila mtoto anayechora lori atakuwa mhandisi. Mtihani uliofuata wa hesabu kijana alipata 44, na hiyo si alama ya kupigiwa vigelegele. Ninachosema ni kwamba niliikuta hesabu mahali nilipodhani pana upuuzi mtupu. Mimi nililifunga daftari. Mtu asiyemjua mwanangu alichutama naye mchangani kwa nusu saa, akamfundisha kile kilichomgharimu mwenzake uhai ili akijue.

Daftari nimemrudishia. Majuzi nililifungua akiwa amelala. Lori bado lina miali ya moto ubavuni na taa kumi na mbili. Lakini sasa chini ya kila ekseli ameandika uzito wake, na chini ya tela, kwa rangi ya bluu, amechora mitungi miwili midogo yenye vikoki.