Dizeli au Petroli? Mwamba Ngoma Huivutia Kwake

Wazee wetu walinena kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Anayetaka kuuona ukweli wa maneno haya na asafiri mpaka Nyeri, au Karatina, au Nanyuki, akae na wenye magari penye kivuli cha gereji, kisha aulize swali moja tu: gari gani bora, la dizeli au la petroli? Jua litatua na jawabu hana. Mwenye lori ataapa kwa dizeli. Kijana mwenye Subaru ataapa kwa petroli yenye turbo. Mwenye teksi atasema injini ya 1,500 yamtosha yeye na watoto wake, na mzee aliyestaafu atawanyamazisha wote kwa kuitaja Peugeot 504.

Sisi wa pwani twaweza kudhani kuwa hayo ni maneno ya watu wa bara, hayatuhusu. Yatuhusu, tena sana. Magari hayo mengi yameshukia Kilindini kabla ya kupanda huko mlimani. Na viazi, karoti na kabeji tunazonunua Kongowea, sehemu kubwa zateremka kutoka nchi za Mlima Kenya juu ya malori ya dizeli. Bei ya sufuria zetu imo ndani ya injini hizo. Basi ni vyema tuyasikilize mabishano yao, tuyapime, na sisi tuseme letu.

Kwanza tuelewe kinachobishaniwa. Ukubwa wa injini ni nafasi iliyomo ndani ya silinda zake, ambamo pistoni hupanda na kushuka, nayo hupimwa kwa sentimita za ujazo. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Hewa hushindiliwa mpaka ujazo wake ukapungua mara 16 hadi 22, ikapata joto la kuyawasha mafuta mara yakinyunyizwa. Kwa sababu hiyo chuma cha dizeli hutengenezwa kizito, na kwa sababu hiyo hunguruma. Faida yake ni kwamba huvuta mzigo kwa nguvu hata ikizunguka polepole, na lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita moja ya petroli kwa kiasi cha mia kwa kumi hivi.

Sasa, huko mlimani hewa yenyewe ni haba. Mji wa Nyeri uko mita zipatazo 1,750 juu ya bahari, Nanyuki yapita 1,900, na barabara ya Nanyuki kwenda Meru kwa njia ya Timau hupanda zaidi ya 2,500. Injini isiyo na turbo ikifika Nyeri hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa. Yaani ile ya 1,500 iliyokuwa ikiruka Nyali, huko mlimani hubaki na pumzi ya 1,250 tu. Hapo ndipo tuwasamehe wenzetu wa Nyeri wanaposifu injini kubwa, au zile zenye turbo, kwa kuwa turbo ni pampu inayozisukumia hewa zaidi. Wao wanazungumza habari za milima yao, nasi tukiyabeba maneno yao mpaka Likoni na Malindi bila kuyapima, tutanunua nguvu ambayo hatuna mahali pa kuitumia.

Mafundi wa zamani walilijua jambo hili vizuri. Gari la kabureta lililorekebishwa Mombasa likipelekwa Nyeri huanza kunywa petroli kupita kiasi na kutoa moshi, kwa kuwa mafuta ni yale yale na hewa imepungua. Likirekebishwa Nyeri kisha likateremshwa pwani, huwa kinyume chake: mafuta hupungukiwa na injini hupata joto. Magari ya leo yenye kompyuta hujipima yenyewe, lakini lori kuukuu la dizeli lenye pampu ya zamani halijui kama liko Changamwe au Kiganjo. Humwaga mafuta yale yale, na yasiyopata hewa ya kutosha hutoka kwa nyuma kuwa moshi mweusi.

Turudi kwa mzee na Peugeot 504 yake, maana hoja yake ina uzito. Gari hilo liliunganishwa humu humu Kenya, likabeba abiria na mazao katika barabara za udongo mwekundu za Nyeri na Murang'a hata likawa kama mmoja wa jamaa. Liliuzwa kwa petroli na kwa dizeli. Injini yake ya dizeli ya 2,304 ilikuwa na nguvu za farasi 70 hivi, na ile ya petroli ya 1,971, iliyo ndogo kuliko hiyo, ilipita 90. Msomaji na auangalie mfano huo vizuri. Injini iliyo kubwa ndiyo iliyokuwa na nguvu haba za mbio, lakini waliobeba magunia waliipenda, kwa kuwa ilikula mafuta kidogo na kupanda kwa subira. Ukubwa peke yake haukuwahi kusema kila kitu.

Wapenzi wa mbio nao wana ushahidi wao katika Safari Rally, ambayo njia zake za zamani zilizunguka hata Meru na Embu. Mwaka 1962 mashindano hayo yalishindwa na Volkswagen ndogo yenye injini isiyofika 1,200. Joginder Singh, mwana wa Kericho, alishinda mwaka 1974 na tena 1976 kwa Mitsubishi Lancer ya 1,600. Mashindano yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, gari lililoshinda lilikuwa Toyota Yaris, nayo injini yake ni 1,600 yenye turbo. Hivyo anayejigamba kwa 3,000 au 4,000 na akumbuke kwamba barabara mbaya kuliko zote za nchi hii zimeshindwa mara nyingi na injini za wastani zilizo mikononi mwa madereva hodari.

Serikali nayo imeingia katika ubishi huu kwa kalamu ya ushuru. Mwaka 2019 sheria ya fedha iliweka ushuru wa bidhaa wa mia kwa 20 juu ya magari ya abiria yasiyozidi 1,500, na mia kwa 25 juu ya yanayozidi hapo; na yale ya petroli yanayopita 3,000, au ya dizeli yanayopita 2,500, yakatozwa mia kwa 35. Si ajabu basi kwamba Probox na Fielder za 1,500 zimejaa Karatina na Chuka kama nzige. Wenye kuzipenda wanasema kipuri hupatikana kila kona na kila fundi anazijua. Wanaongeza kwamba magari madogo ya dizeli yatokayo ng'ambo siku hizi huja na chujio la moshi ambalo huziba yakiendeshwa mwendo mfupi mfupi mjini, na kulitengeneza ni gharama. Hoja hiyo ni ya kweli. Dizeli ya kisasa yataka safari ndefu na mafuta safi. Anayetoka nyumbani kwenda dukani na kurudi, petroli ndogo yamfaa zaidi.

Tumetaja mafuta safi, na hapa ndipo ubishi wa gereji unapokuwa jambo la haki na dhuluma. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli, na wafanyabiashara wasio na haya wakawa wanayachanganya. Mwenye lori hujaza tangi kwa imani, kisha pampu na nozeli zake hufa kabla ya siku zake, naye huilaumu injini. Mwezi Septemba 2018 serikali ilitoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa kila lita ili kuondoa tamaa hiyo, na kufikia Septemba 2023 lita ya mafuta ya taa Nairobi ilikuwa shilingi 202.61 na dizeli 200.99. Faida ya wachanganyaji ikakatika. Lakini aliyelipa gharama ya dawa hiyo ni mama wa kijijini mwenye jiko la mafuta na kibatari, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Kupunja kipimo na kuchanganya bidhaa ni dhambi iliyo wazi. Adhabu yake ingempata mwenye kituo cha mafuta kwanza, ndipo wengine.

Jambo la pili ni moshi. Mwezi Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliutangaza moshi wa dizeli kuwa ni miongoni mwa vitu viletavyo saratani. Tangu Januari 2015 dizeli inayouzwa Kenya imetakiwa kuwa na salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na hiyo ni hatua njema. Hata hivyo, mafuta safi hayaponyi injini mbovu. Kondakta anayeshinda kutwa stendi ya Nyeri, na muuza machungwa wa Mwembe Tayari, wote wawili huvuta kile ambacho mwenye gari hakutaka kulipa fundi akirekebishe.

La tatu ni roho za watu. Kila siku pikapu za mirungi hutoka Maua mbio kama mshale, kwa kuwa majani yale yakinyauka hayana mnunuzi. Kwa vijana wengi wa huko, injini nzuri ni ile inayowahi. Mwaka 2004 marehemu John Michuki, mbunge wa Kangema katika Murang'a na waziri wa uchukuzi wa wakati ule, aliamuru matatu zifungwe vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa pamoja na mikanda, na nchi nzima ikapumua. Amri ile ilitoka kwa mtu wa mlima huo huo. Hakuna awezaye kusema kwamba ilikuwa hila dhidi yao. Lakini kidhibiti huchezewa, na nguvu ya turbo mikononi mwa mtu aliyekesha haitofautishi dizeli na petroli pale inapokutana na lori lililokwama gizani.

Maoni yetu ni haya. Anayebeba mizigo ya kupanda na kushuka mlima, dizeli ndiyo yake, na afadhali yenye turbo, mradi anaijua asili ya mafuta yake na haikosi fundi. Mwenye familia ya mjini, awe Nyeri au Mombasa, petroli ya 1,300 au 1,500 yamtosha, na kilichobaki akakisomeshee wanawe. Serikali nayo isipime injini kwa ukubwa tu. Ipime na moshi unaotoka, kwa kuwa injini ya 1,500 iliyochakaa yaweza kumdhuru jirani kuliko ya 2,500 iliyotunzwa.

Wavuvi wetu wana msemo: kila chombo kwa wimbile. Nahodha wa ngalawa hamwonei haya mwenye jahazi, kwa kuwa kila mmoja anajua bahari aliyokusudia. Kabla hujamwambia dalali wa magari pale bandarini "nataka kama lile la jamaa wa Nanyuki," muulize kwanza huyo jamaa hupanda mlima gani, hubeba nini, na hununua mafuta yake wapi.