Mwili Hautunzwi kwa Jumamosi Moja

Siku hizi mtu mzima mwenye miguu yake miwili huita bodaboda impeleke dukani, mwendo wa dakika saba. Unga husagwa mashineni, mtoto huenda shule kwa bajaji, na kazi nyingi za mjini ni za kukaa. Sisemi turudi kwenye kinu na mchi. Nasema kwamba shughuli zilizoichosha miili ya wazazi wetu, watake wasitake, zimetuondokea, na hatujaweka kitu mahali pake. Presha na kisukari, maradhi tuliyozoea kuyasikia kwa wazee, leo tunayakuta kwa watu wa miaka 35.

Ndugu msomaji, tazama basi jinsi tunavyojaribu kujiokoa. Mtu anapimwa presha, anaambiwa imepanda, anatoka zahanati moyo unamwenda mbio. Jioni hiyohiyo ananunua raba. Kesho yake anakimbia kama anayefukuzwa, na keshokutwa hawezi kushuka ngazi. Siku ya nne mvua inanyesha, siku ya tano amechelewa kazini, na mwezi haujaisha raba zimo uvunguni. Hapo watu humwita mvivu, na yeye mwenyewe hukubali. Mimi sikubali. Mtu huyu aliitegemea hofu imwamshe kila asubuhi, na hofu haikai. Hamu nayo haikai. Vyote viwili huja na kuondoka vipendavyo, na anayevingoja ndipo aanze atangoja sana.

Mama anayeamka alfajiri akashika fagio lake la chelewa hajiulizi kama leo ana hamu ya kufagia uwanja. Kumekucha, uwanja unafagiwa. Utunzaji wa mwili nao unataka kuingizwa katika kundi hilohilo la mambo yasiyojadiliwa. Hamu itafuata nyuma. Mtu akishatembea robo saa, damu ikachangamka, usingizi wa usiku ukawa mzito, ataona mwenyewe kwamba siku asiyotembea haimkai sawa.

Muda wa tendo kugeuka mazoea umepimwa. Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walitoa utafiti wa watu 96. Kila mmoja alichagua tendo moja dogo la kula, kunywa au kuutumikisha mwili, akalifunga na wakati uleule wa kila siku, kama vile baada ya kifungua kinywa, kwa muda wa wiki 12. Kwa wastani zilihitajika siku 66 hadi tendo lile lianze kujifanyikia lenyewe bila kusukumwa. Wapo waliofika kwa siku 18, na wapo ambao kwa hesabu ya watafiti wangehitaji siku 254. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba siku 21 zinamtosha kila mtu amekupunja. Na yako matokeo mengine ambayo ningependa kila aliyekata tamaa ayasikie: kukosa siku moja hakukuibomoa tabia iliyokuwa ikijengwa. Wengi wetu huanguka hapohapo. Tukikosa Jumanne, tunasema wiki imeharibika, tunaahidi kuanza upya Jumatatu, na Jumatatu hiyo haifiki. Umekosa jana? Tembea leo.

Shikiza basi tendo jipya kwenye tendo ambalo tayari hulikosi. Anayerudi kutoka sala ya Alfajiri asipitilize kitandani. Apite njia ya mbali. Anayepanda basi la mwendokasi kutoka Magomeni, Dar es Salaam, kwenda mjini ashuke kituo kimoja kabla ya chake. Anayebandika chai jikoni anazo dakika kadhaa kabla haijachemka: akalie kiti, anyanyuke bila kujishika popote, akae tena, anyanyuke, mara 10, apumzike kidogo, arudie. Zoezi hili halidai raba wala fulana. Hufanywa na kanga kiunoni, mlango umefungwa, bila mtu wa kukucheka. Nalo ndilo linalotia nguvu mapaja, na mapaja ndiyo yatakayomwinua mtu kwenye mkeka akifika miaka 75, bila kuita mjukuu.

Wapo watakaosema hayo ni madogo mno. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa Uingereza alichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa. Dereva na kondakta walifanya kazi katika basi moja, wakivuta moshi uleule wa barabarani. Dereva alikaa zamu nzima. Kondakta alipanda ngazi, vidato mamia kwa siku, akikata tiketi. Morris akakuta kwamba makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipopatwa, yaliwajia katika umri mkubwa zaidi. Alipowatazama watu wa posta aliona jambo kama hilo: wapeleka barua waliwashinda makarani wa kukaa. Kazi ya makondakta wale haikuwa riadha. Walipanda ngazi leo, wakapanda kesho, miaka ikapita. Morris mwenyewe alikuwa mtu wa mazoezi, akafariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za kuushughulisha mwili kwa nguvu ya wastani kila wiki, pamoja na mazoezi ya kutia misuli nguvu siku mbili au zaidi. Gawa hizo 150 kwa siku saba, hazifiki dakika 22 kwa siku. Zamani mwongozo uliambatana na sharti kwamba kila kipande kifike dakika 10 ndipo kihesabiwe. Mwaka 2020 sharti hilo liliondolewa. Dakika tano za asubuhi zinahesabiwa, na saba za kutembea badala ya bodaboda uliyoikataa zinahesabiwa pia. Kwa mwenye kisukari, zile za baada ya kula husaidia sana, kwa kuwa misuli inayofanya kazi huichukua sukari iliyo katika damu. Ila mwenye presha ya juu au maumivu ya kifua amwone daktari kwanza.

Kwenye chakula sitakaa sana. Tunaambiana kwamba mwili haujengwi kwa matofali kila tunapoongeza sahani, na hatumkosei mtu tukiipunguza. Vijiko vitatu vya sukari kwenye chai viwe viwili na nusu mwezi huu, viwili mwezi ujao. Ulimi utazoea.

Klabu za jogging nazipenda kwa dhati. Zimewatoa watu ndani, zimewaunganisha vijana na wazee, zina wimbo na mwenyekiti. Na Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini Tanzania. Ni jambo jema. Lakini klabu inayokutana Jumamosi peke yake imewaachia wanachama wake siku sita za kukaa. Watu watatu wa mtaa mmoja wakikubaliana kugongeana mlango saa kumi na mbili asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, watapata zaidi ya hapo, maana ni vigumu kumwacha jirani amesimama nje anakungoja.

Na hapa nawageukia wenyeviti wa serikali za mitaa, kwa kuwa mazoea huota panapopitika. Kigali tangu mwaka 2016 imetenga Jumapili ambazo baadhi ya barabara zake hufungwa kwa magari ili watu watembee na kukimbia. Sisi hatuhitaji kuanzia na barabara kuu. Kila mtaa uchague njia moja, pikipiki zilizoegeshwa na meza za biashara ziondolewe hadi saa moja na nusu asubuhi, taa iwashwe kabla hakujapambazuka, na mgambo wapite huko, ili mwanamke naye atembee peke yake bila kuangalia nyuma.