Tuuzieni Nyimbo, Acheni Kutuita Wezi

Nimechoka na hii hadithi kwamba Wakenya hawataki kulipia muziki. Kila mara ni lawama: vijana ni wezi, wanapakua bure, wananakiliana nyimbo kwa flash disk. Sawa, uharamia upo, na ni kosa. Lakini nauliza swali moja tu: huo wimbo unaoibwa unauzwa wapi, na kwa bei gani?

Hebu turudi nyuma kidogo. Napster ilipozuka mwaka 1999, kampuni za muziki Marekani zilikimbilia mahakamani. Zikashinda, Napster ikazimwa 2001, na watu wakahamia Kazaa. Kilichobadilisha mambo si hakimu, ni duka! Tarehe 28 Aprili 2003 Apple ilifungua iTunes Music Store: nyimbo 200,000, kila mmoja senti 99 za dola. Wiki ya kwanza ziliuzwa nyimbo milioni moja, na wakati huo duka lilikuwa la wenye Mac peke yao. Wateja walikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni muuzaji.

Bado kampuni hazikuelewa. Zililazimisha kila faili ifungwe kwa kufuli ya kidijitali, yaani DRM. Mwanzoni wimbo uliolipia ulicheza kwenye kompyuta tatu tu, na kicheza muziki kisicho cha Apple hakikuusoma. Aliyeiba alipata MP3 inayocheza popote. Mwaminifu anafungwa pingu, mwizi anatembea huru! Februari 2007 Steve Jobs mwenyewe aliandika kwamba mwaka 2006 nyimbo zilizouzwa na kufuli hazikufika bilioni 2, huku kampuni hizohizo zikiuza zaidi ya bilioni 20 kwenye CD zisizo na kufuli yoyote. Sasa kufuli ilikuwa ya kumzuia nani? Mwaka 2009 iTunes ikaiondoa. Mbingu hazikuanguka. Mauzo ya nyimbo mojamoja Marekani yaliendelea kupanda hadi 2012.

Tuje nyumbani. M-Pesa tunayo tangu Machi 2007. Skiza ikaja 2009, na Wakenya wakaanza kulipia wimbo ambao wao wenyewe hata hawausikii, anausikia anayewapigia simu! Watu kama hao utawaambia hawapendi kulipia muziki? Mdundo nayo, iliyoanzia hapa Nairobi, inakupa MP3 kihalali bila malipo, na matangazo ndiyo yanalipa. Watu wanaipakua. Kwa hivyo kiu ya faili ipo.

Najua utaniambia siku hizi kuna Spotify, iliyofika Kenya 2021. Ni huduma nzuri, lakini ile ni kukodi, si kununua. Nyimbo ulizohifadhi ndani ya programu yake zinataka uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, na ukiacha kulipa zimekwenda. Mwenye kipato cha kila mwezi ataweza. Wa kibarua, ambaye leo ana mia mbili na kesho hana kitu, yeye anataka kulipa mara moja amalize.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na nawahakikishia hapa hakuna fumbo la kiufundi. Wimbo wa dakika nne kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni karibu MB 4. Mteja anachagua, anaweka PIN ya M-Pesa, anapata kiungo cha kupakua. Basi! Bandcamp imekuwa ikiuza faili zisizo na kufuli tangu 2008.

Kwa hivyo, wenye lebo na wasanii, ombi langu ni hili. Wekeni wimbo kwa shilingi 20. MP3 safi, bila kufuli, bila kujisajili kurasa tatu. Wengine bado wataiba, hao hamtawamaliza. Lakini msituhesabu sisi pamoja nao kabla hamjatufungulia duka. Pesa tunazo mkononi, ni nyinyi mmefunga mlango.