Halali Twaiuliza, Twayyib Tumeisahau

Ndugu Waislamu, mmoja wetu akialikwa karamuni, swali lake la kwanza ni nani aliyechinja. Ni swali la haki, wala hatulipingi. Lakini muulizaji huyohuyo humpa mwanawe sarafu ya kwendea madrasa, na mtoto arudipo jioni hamuulizi amenunua nini. Amenunua barafu ya maji, sukari na rangi, au ubuyu uliotiwa rangi nyekundu hadi ulimi ukageuka. Amevinunua langoni petu, machoni pa walimu wetu.

Aya ya 168 ya Suratul-Baqarah imefungamanisha sifa mbili za chakula: kiwe halali, na kiwe twayyib, yaani kizuri, safi, chenye manufaa. Sifa ya kwanza tumeishika kwa meno. Ya pili tumeiacha zahanati, kana kwamba aliyeamrisha hiyo si yule aliyeamrisha ile.

Wapo wanaojitetea kwamba tatizo ni umaskini tu. Na tuwaulize: Iringa, Njombe na Rukwa hukosa mahindi? Hii ni mikoa inayolisha nchi. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Tanzania nzima ina watoto 30 waliodumaa katika kila 100 wa chini ya miaka mitano, huku Njombe na Rukwa wakiwa kama 50 na Iringa ikipindukia 55. Ghala limejaa, mtoto amedumaa! Kushiba ugali si kulishwa. Mtoto anataka maharage, dagaa, yai, mboga na tunda, na anataka kulishwa mara kadhaa kwa siku, ilhali mama yake yuko shambani tangu alfajiri.

Tazameni hata huo ugali wenyewe. Tunapeleka mahindi mashineni, tunayakoboa, tunaondoa ganda na kiini, na humo ndimo yalimo mafuta, madini na sehemu kubwa ya vitamini. Kilichobaki cheupe tunakiita sembe na kukila kwa fahari. Pumba tunawapa kuku na ng'ombe. Mifugo yetu imepata elimu ya lishe kabla yetu! Mwenye duka naye hupenda sembe, kwa kuwa dona halikai sana. Mafuta ya kiini huchacha. Basi anayetaka dona katika mtaa wa mjini hulazimika kulitafuta, na sembe humfuata mlangoni.

Wengine huwatupia lawama akina mama: ni wajinga, wafundishwe. Hoja hii ni mbaya kuliko ile ya kwanza. Mama huitwa kwenye semina, akaonyeshwa picha ya mlo kamili, akapigiwa makofi, kisha akarudi kwenye mtaa ambao soda iko kila kona na maziwa hayapo. Kumfundisha mtu chakula asichoweza kukifikia ni kumuongezea huzuni. Elimu na upatikanaji ni mbawa mbili, na ndege haruki kwa mmoja.

Kwamba jamii inaweza, historia inashuhudia. Mwaka 1983, serikali pamoja na mashirika ya UNICEF na WHO walianza mpango wa lishe katika vijiji 168 vya Iringa. Watoto walipimwa uzito mara kwa mara, na majibu hayakufungiwa kabatini; yaliletwa mbele ya kijiji, kijiji kikajiuliza kwa nini. Walipoona kuwa mama amelemewa na kazi, walianzisha mahali pa kuwalishia watoto mchana. Utapiamlo ulipungua kwa kiasi kikubwa. Na kwamba leo mkoa huohuo unaongoza kwa udumavu ni onyo: kazi hii haifanywi mara moja ikaisha.

Sasa tujihesabu wenyewe. Kamati ya madrasa na ikae na mama auzaye langoni. Asifukuzwe, maana naye anatafuta riziki ya wanawe. Akopeshwe mtaji auze ndizi, machungwa, karanga na muhogo wa kuchemsha. Kila Ramadhani tunagawa vifurushi vya futari vya sukari, unga wa ngano na mafuta. Kwa fedha hizohizo, kwa nini tusipunguze sukari tukatia dona, maharage na dagaa? Kiwanja cha wakfu kinachoota magugu, kwa nini kisiote mchicha na matembele? Na baada ya darsa la akina mama, kwa nini asialikwe mhudumu wa afya na mizani yake, kisha kamati ikasomewa majibu kama inavyosomewa hesabu za sadaka?

Tutaambiwa haya si mambo ya msikiti. Kama mwili ni amana, na kama mtoto anayesinzia juu ya juzuu kwa njaa iliyofichwa na barafu ya sukari ni mwanafunzi wetu, basi ni mambo ya nani?

Ijumaa ijayo, kabla hujaingia kuswali, simama kidogo langoni uangalie kilichomo katika beseni. Kisha umuulize mwenyekiti wa kamati yako.

Wabillahi tawfiq.