Dhahabu ya Segese na Mapengo Mawili

Kila mwezi Juni, Bajeti ya Serikali inaposomwa Bungeni, wananchi husikia habari za mapengo mawili. La kwanza ni kati ya mapato ya Serikali na matumizi yake. La pili ni kati ya bidhaa tunazouza nchi za nje na zile tunazonunua huko. Watumishi wengi huyaona kuwa mambo mbalimbali, moja la Hazina na jingine la wafanyabiashara. Sivyo. Serikali ikitumia fedha isizokusanya, fedha hizo huingia mikononi mwa watu, nao hutafuta vitu vya kununua. Visipopatikana nchini huagizwa ng'ambo. Wananchi wasipokuwa na akiba ya kutosha kuikopesha Serikali, pengo la kwanza hupanua la pili.

Somo hilo tulilipata kwa uchungu. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na kupanda kwa bei ya mafuta, Serikali ilikopa mno katika mabenki. Bei zikapanda, shilingi ikashikiliwa kwa thamani isiyo yake, na mkulima wa pamba wa Shinyanga akaambulia malipo hafifu. Mauzo ya nje yakadidimia. Mwalimu aliyepanga foleni ya sukari miaka ile, kabla shilingi haijashushwa sana mwaka 1986, hahitaji kuelezwa maana ya uhaba wa fedha za kigeni.

Leo dhahabu ndiyo bidhaa inayoongoza katika mauzo yetu ya nje. Gramu itokayo duarani Segese ikauzwa kwa magendo hutupunja mara mbili: Hazina hukosa mrabaha, na nchi hukosa dola. Wako wanaodhani dawa yake ni vizuizi vya barabarani tu. Hatukubaliani nao. Mwaka 1990 Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kwa bei ya kuridhisha, dhahabu ilijitokeza yenyewe. Mwaka 2019 wachimbaji hao waliondolewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na masoko ya madini yakafunguliwa karibu nao.

Hata hivyo, si haki kumdai mchimbaji uaminifu huku maofisini tukifuja. Afisa anayeidhinisha msafara wa magari matano pale ambapo moja lingetosha anachoma dizeli iliyonunuliwa kwa dola za dhahabu ile, ingawa hati aliyotia sahihi imeandikwa shilingi.